Leseni ikiisha, elimu nayo inaisha? Historia ya maradioamateri wa Marekani

Tujiulize swali moja: mtu akifaulu mtihani, kufaulu kwake kunadumu miaka ngapi? Sisi wenye diploma tutajibu haraka: maisha yote. Lakini muulize yule ambaye diploma yake iliungua, ao ilibaki nyuma wakati wa kukimbia vita. Elimu iko kichwani, ila kwenye biro wanamuomba karatasi. Swali hilo lilisumbua pia maradioamateri wa Marekani kwa miaka mingi, na namna walivyolijibu inatufundisha kitu.

Radioamateri ni mtu mwenye ruhusa ya serikali ya kuongea na watu wa mbali kwa redio, kwa kupenda tu, bila kulipwa. Kila mmoja ana jina lake la hewani, la herufi na namba. Hata kwetu wako: majina ya Kongo yanaanza na 9Q, na wakati wa ukoloni yalianza na OQ.

Marekani ilianza kudai leseni kwa sheria ya 1912, mwaka ule ule Titanic ilizama. Mwaka 1917, nchi ilipoingia vitani, serikali iliwanyamazisha wote mpaka 1919. Kuanzia mwisho wa 1941 mpaka 1945 wakanyamazishwa tena. Basi tangu mwanzo ilieleweka: elimu ni ya mtu, lakini ruhusa ni ya serikali.

Mwaka 1934 kazi hiyo ikapewa tume inayoitwa FCC. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: maandishi, na kusikiliza herufi za Morse. Kwa kufika daraja la juu kabisa, Extra, ilibidi mtu apokee maneno 20 kwa dakika. Hiyo siyo mchezo. Mwaka 1951 likaongezwa daraja la wanaoanza, Novice, la maneno 5 tu kwa dakika, na vijana wengi wakapitia mlango huo.

Halafu maisha yakaja: masomo, ndoa, kazi, kuhama. Redio ikafunikwa na vumbi, leseni ikaisha. Kufuatana na sheria, leseni ikadumu miaka 10, na baada ya hapo mtu alipewa miaka 2 ya huruma. Ikipita hiyo, alirudi sifuri kama mtu ambaye hajawahi kufanya mtihani hata mmoja.

Wakati huo huo mitihani yenyewe ilikuwa inapungua ukali. Mwaka 2000 Morse ikashushwa kuwa maneno 5 kwa madaraja yote yaliyokuwa bado yanaidai. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa mataifa huko Geneva, kila nchi ikaachiwa uhuru wa kuamua, na mwaka 2007 Marekani ikaiondoa kabisa. Ona sasa mzee aliyefaulu maneno 20 akiwa kijana: anaambiwa aanze upya, na pembeni yake wako watu wenye daraja lile lile ambao hawakuulizwa Morse hata kidogo. Uchungu wake unaeleweka.

Mwaka 2014 FCC ikabadilisha sheria. Mtu aliyewahi kuwa na daraja la General, Advanced ao Extra, hata kama leseni iliisha zamani sana, anahesabiwa mitihani ya juu aliyofaulu. Anafanya tu ule wa kwanza, wa maswali 35, na anapashwa kupata 26. Kwa nini hawakumsamehe yote? Kwanza, waone kama bado anakumbuka misingi. Pili, kuzuia mtu kujipatia leseni kwa jina linalofanana na lake. Lakini jina lake la zamani la hewani halirudi lenyewe: anapewa jipya, na kama anataka lile la zamani, analiomba, ikiwa halijachukuliwa na mwingine.

Tena iko sharti kubwa: alete ushahidi. Na hapa ndipo historia inakuwa tamu. Wengi walikuwa wametupa karatasi yao. Kilichowaokoa ni kitabu kinene kilichoitwa Callbook, kilichopangwa kwa majina ya hewani, pamoja na jina la mtu na anwani yake. Kwa miaka fulani kilionyesha hata daraja. Watu walikinunua wajue pa kutuma kadi za posta za kuhakikisha kwamba walisikilizana. Hakikuandikwa kwa ajili ya kumtetea mtu mbele ya watahini. Lakini leo ukurasa wake unapokelewa kama ushahidi, na vitabu vingi vya zamani vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti.

Tuangalie neno "kitabu" tena. Mzee hakuokolewa na kumbukumbu yake, wala na kabati lake. Aliokolewa na orodha ambayo nakala zake zilikuwa katika nyumba elfu na elfu. Nyumba moja ikiungua, ingine inabaki.

Sisi tunaweka diploma moja ndani ya bahasha moja, chini ya godoro moja. Promosheni yenu je, orodha ya majina iko kwa nani? Na kama yule mtu akihama kesho, mwingine iko naye?