Jenerali Asiye na Jeshi

Kila mchezo wa kuigiza wa kifantasia huanza na karatasi tupu. Kabla ya joka na kabla ya hazina, mchezaji hujibu maswali mawili: shujaa wako ni wa asili gani, na kazi yake ni ipi? Ni binadamu, au ni mmoja wa wale watu wa msituni wenye masikio yaliyochongoka? Ni mpiganaji, mchawi au kasisi? Mchezo uliowazoesha watu maswali haya ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Michezo ya kompyuta na simu iliyorithi maswali hayo ni mingi.

Leo tunaona kuchagua ni uhuru mtupu. Haikuwa hivyo. Katika kanuni za 1974, wale watu wafupi wa migodini waliruhusiwa kuwa wapiganaji tu, na hawakuweza kupita ngazi ya sita. Binadamu alipanda bila kikomo. Yaani asili ilikupangia kazi, kisha ikakuwekea dari. Vikomo hivyo viliondolewa katika toleo la mwaka 2000, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeacha hata neno la Kiingereza la mbari na kuweka la spishi.

Anayeijua historia ya Dar es Salaam hashangazwi na dari ya ngazi ya sita. Mji huu umewahi kuendeshwa kwa kanuni za namna hiyo, na waliozitunga hawakuwa wakicheza.

Tangu mwaka 1891 Wajerumani waliugawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza, waliouteka Septemba 1916, wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu. Kwenye karatasi kigezo kilikuwa nyumba: ya mtindo wa Ulaya, ya biashara, au ya kienyeji. Mitaani watu waliita kanda hizo kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulibaki wazi ili kuitenga Uhindini na Kariakoo. Mji ulipopanuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango ulikuwa uleule: Oysterbay kwa Wazungu, Upanga kwa Waasia, na nyumba za kota huko Ilala, Magomeni na Temeke kwa Waafrika. Serikalini nako mishahara na vyeo vilifuata rangi. Karani Mwafrika alikuwa na ngazi yake ya sita, hata angekuwa hodari kiasi gani.

Kwa kuwa asili ilibeba kodi, makazi na mshahara, watu walijaribu kuibadilisha. Kenya, katika miaka ya 1930, Wasomali wa ukoo wa Isaaq walipigania watambuliwe kuwa Waasia, na walidai walipe kodi ya Waasia ingawa ilikuwa kubwa kuliko ile ya wenyeji. Fikiria mtu anayeomba kutozwa zaidi! Walichokuwa wakikinunua ni mstari mwingine kwenye karatasi ya serikali. Unguja nako, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua sana. Hawakufa wala hawakuhama. Wengi walijiandikisha kwa majina mengine, Ushirazi ukiwamo, kwa sababu jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa.

Hayo ni ya asili, ambako kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Kwenye swali la pili, la kazi na cheo, watu wa mji huu waliitwaa kalamu wenyewe.

Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Vijana waliotazama bendi za wanamaji na za misheni walichukua matarumbeta, gwaride na sare, wakaviunganisha na jambo la zamani zaidi pwani: mashindano ya mitaa kwa mavazi, nyimbo na karamu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Kwa ujumla Marini walikuwa makarani, wasomi na watu waliojihesabu waungwana wa pwani. Arinoti walikuwa vibarua na wengi waliotoka bara.

Ukijiunga, ulipewa cheo. Kulikuwa na Kingi na Kaiza, majenerali, magavana, madaktari. Wanawake walikuwa na vyeo vyao, hadi Kwini. Mtu aliyeshinda bandarini na gunia mgongoni aliweza jioni kuvaa koti lililopigwa pasi, akashika bunduki ya mbao, na kupigiwa saluti na watu wazima. Kesho yake alirudi kwenye gunia.

Wazungu wengi walicheka: nyani anamwiga bwana wake. Wengine hawakucheka. Baada ya vita, maofisa wa usalama wa Kiingereza waliitilia beni shaka, wakihofu kwamba chini ya matarumbeta kulikuwa na siri. Na kweli chama kilikuwa na mtandao. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande; jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Waliorudi kwao walirudi na beni, ikafika miji ya bara na hadi Malawi na Zambia za leo. Mwanachama aliyeingia mji mgeni alitafuta tawi lake, akapata pa kulala. Akiugua, alitazamwa. Akifa, alizikwa kwa heshima ya cheo chake. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba kuiita ngoma hii uigaji tu ni kukosa kuona watu walivyoitumia kupanga maisha yao.

Hapo ndipo cheo cha beni kinapokutana na karatasi ya mchezaji wa leo. Jenerali wa ngoma hakuwa na jeshi, lakini alikuwa na wajibu. Alitoa michango, alipatanisha, alisimamia karamu, alijua nani hajaonekana wiki nzima. Cheo kilikuwa cha kubuni. Marehemu aliyekwenda kuzikwa alikuwa wa kweli. Mpagazi aliyekipata alijifunza kuendesha kikao, kutunza fedha za wenzake na kusema mbele ya watu, kazi ambazo serikali ilikuwa imemfungia.

Tusiipambe beni kupita kiasi. Vyeo vyake viliazimwa kwa watawala, na Marini waliwadharau Arinoti kwa jicho lilelile walilotazamwa nalo wao kutoka Uzunguni. Ukichukua mchezo wa mtu, ni rahisi kuchukua na dari yake.

Baada ya Uhuru wa 1961 kanda za rangi zilikosa nguvu ya serikali, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno "ndugu" lilienea mahali pa "bwana mkubwa". Beni ya zamani ilififia, lakini matarumbeta bado yanasindikiza maharusi Tandika na Mwananyamala, na nyuma ya kila arusi kuna kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kijana asiye na ajira hupewa usafiri, na kwa mwezi mmoja simu yake haipumziki.

Kwa hiyo, ukikaa na karatasi tupu mbele yako, iwe ya joka au ya arusi, asili mpe shujaa wako ile unayoipenda, ila usikubali ikupangie ngazi ya mwisho. Kwenye kazi, kawia kidogo. Watazame wenzako mezani, uone wamekosa nani: mpiganaji, mganga, au mtu wa kukumbuka nani hajafika. Wazee wa Marini na Arinoti walijipa ukubwa ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwapa, kisha wakaulipia kila mara mwenzao alipoanguka.