Mmiminiko wa masi: nyota iliyokula ikarudi ujanani

Mzee kwetu ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Angani ziko nyota ambazo kwa kula ndiyo kwanza zinarudi ujanani, na kulitaja jambo hilo kwa Kiswahili kumenisumbua.

Wengi wataandika "uhamisho wa masi". Masi sina ugomvi nayo: ni kiasi cha maada, nacho hakibadiliki hata kitu kikipelekwa mwezini, tofauti na uzito. Kinachonikera ni uhamisho. Uhamisho ni wa mwalimu: barua imefika, godoro liko juu ya lori, kesho yuko kituo kipya mzimamzima. Nyota haiendi popote. Gesi yake ndiyo inayotoka kidogo kidogo kwenda kwa nyota mwenzake, na hakuna mkono unaoimimina, inamiminika. Basi nimechagua mmiminiko.

Itazame Algol, katika kundinyota la Farisi. Jina limetoka kwa Waarabu walioiita Rasi Ghuli, kichwa cha zimwi. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hufifia kwa saa chache, kisha hung'aa tena. Mwaka 1783 John Goodricke, kijana kiziwi wa York, Uingereza, alieleza kwamba huenda kuna kitu kinachopita mbele yake. Kitu hicho ni nyota ya pili. (Ya tatu iko mbali kidogo, tuiache.)

Wataalamu walipozipima nyota hizo mbili, hesabu ikagoma. Moja ina masi ya Jua mara 3.2 hivi, nyingine 0.7. Nyota nzito huunguza haidrojeni yake haraka, kwa hiyo hutangulia kuzeeka. Hapa nyepesi ndiyo iliyokwisha kuvimba kizee, nzito bado kijana, na zote zilizaliwa pamoja.

Mwaka 1955 J. A. Crawford alipendekeza jibu: hii nyepesi ndiyo iliyokuwa nzito. Fikiria vibuyu viwili vilivyogusanishwa midomo. Kila nyota imo ndani ya kibuyu chake, ambacho wataalamu hukiita kwa Kiingereza "Roche lobe". Ile ya kwanza ilipozeeka ilivimba hadi ikajaza kibuyu, gesi ikapenya mdomoni na kumwangukia pacha. Pacha akanenepa, akawaka zaidi, akageuka buluu. Rangi hiyo ndiyo tunayosomea umri, nayo ikatudanganya. Ndiyo maana naandika "umri wa sura", si "umri unaoonekana": umri hauonekani, kinachoonekana ni sura.

Allan Sandage alikuwa amekwisha kuona sura za namna hii mwaka 1953 katika fungunyota M3: nyota za buluu ambazo, kwa umri wa wenzao, zilipaswa kuwa zimevimba zamani. Naziita buluu wachelewa. "Mabaki" nimeyakataa, kwa kuwa tayari ni ya nyota zilizolipuka. Si wachelewa wote waliomiminiwa. Baadhi huenda ni nyota mbili zilizogongana.

Katika fungunyota NGC 188, wachelewa wengi wana mwenza. Darubini ya Hubble ilipowatazama kwa urujuanimno, ilikuta ubavuni mwa baadhi yao kibete cheupe kingali cha moto: kiini kitupu cha nyota iliyokwisha kummiminia mwenzake matabaka yake ya nje. Kibete hupoa polepole, kwa mwendo unaokadirika. Ukikipima joto, unapata ni lini mmiminiko ulikoma.