Maharage ya Horombo

Katika vitabu vya historia nilivyosomea, na ambavyo baadaye nilivitumia kufundishia wengine, mlima Kilimanjaro ulikuwa na tarehe tatu tu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji yake, na wataalamu wa Ulaya wakamkejeli. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria wakafika kileleni. Tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi letu, akasimika bendera na Mwenge wa Uhuru pale juu. Mwanachuo aliyezikariri tarehe hizo alipata maksi zake akaenda zake.

Sina ugomvi na tarehe hizo. Ugomvi wangu ni kwamba kwa miaka mingi nilisimama mbele ya ubao bila kuuliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza kwanza: watu hao walikula nini kule juu, na nani alikibeba chakula hicho?

Meyer hakufaulu kwa mara moja. Mwaka 1887 alipanda hadi kwenye barafu akashindwa kuendelea. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini wakati huo pwani ilikuwa imewaka moto. Abushiri na watu wake walikuwa wamewainukia Wajerumani, na wasafiri hao wawili wakatekwa, wakaachiliwa baada ya fidia kulipwa. Aliporudi mwaka 1889 alikuwa mtu aliyejifunza. Sehemu kubwa ya msafara wake aliiacha Marangu, kwa Mangi Marealle. Akaweka kambi mlimani kwa ngazi, moja chini ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kila baada ya siku chache wakipeleka chakula. Kambi ya juu, kwenye mita elfu nne na ushei, alikaa pamoja na wazungu wale mtu mmoja tu wa kwetu, Mwini Amani wa Pangani. Msomaji aliyezaliwa pwani atanielewa nikisema kwamba hapo huwa nasimama kidogo. Mtu wa minazi na bahari ya uvuguvugu, amejikunyata mahali ambapo maji huganda usiku, anawangojea wenzake warudi.

Sasa tazama jambo hili. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta. Walikuwa wamechoka, saa zilikuwa zimekwenda, na kilele walikiona kwa macho. Wakageuka. Walirudi chini, wakapumzika, na siku ya tatu wakapanda tena wakafika. Vitabu husifu ushujaa wa tarehe 6. Mimi naisifu zaidi tarehe 3, na naijua sababu yake: kambini kulikuwa na chakula. Mwenye akiba kambini anaweza kugeuka leo na kujaribu tena keshokutwa. Asiye na akiba husukumwa na tumbo lake kwenda mbele, hata pale ambapo akili inamwambia arudi.

Haya sikuyajua mwaka 1983. Nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu katika nchi ya mkonge, na nilikuwa na kiburi cha ujana na cha stashahada. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilikuwa imetangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, na mimi niliona ni aibu kwamba mlima wetu unapandwa na wageni huku walimu wetu wakiusoma ramanini. Nikaomba ruhusa ya kuwapeleka wanachuo kumi na wawili. Tungebeba mizigo yetu wenyewe mgongoni, bila wapagazi. Nilisema ni kwa ajili ya kujitegemea. Ukweli ni kwamba fedha hazikuwepo, lakini neno kujitegemea lilikuwa zuri zaidi kwenye barua.

Waliokuwa watu wazima mwaka huo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari kwa kibali, sabuni kwa foleni, mafuta ya taa kwa bahati. Mashanta tuliyaazima, mengine yakiwa ya jeshi na mengine yameshonwa kwa turubai na fundi wa mjini. Mafuta ya taa nilipata lita kumi baada ya kuandika barua tatu. Chakula kilitoka stoo ya chuo, na stoo ya chuo ilikuwa na unga na maharage. Basi tukabeba unga na maharage. Sikuona tatizo, wanachuo wa nchi nzima walikuwa wanaishi kwa unga na maharage.

Marangu tulipata kiongozi, mzee wa Kichaga aliyeanza kazi ya upagazi enzi za Waingereza. Aliitazama mizigo yetu pale langoni, akatia mkono ndani ya gunia, akachota maharage kiganjani, akayarudisha. "Mwalimu," aliniuliza, "haya utayapikia wapi?"

"Juu, Mzee," nikamjibu. Hakusema zaidi. Baadaye nilimlaumu kwa kunyamaza kwake, kisha nikajilaumu mimi, maana aliyekuwa ameuliza ni yeye na aliyejibu kwa mkato ni mimi.

Siku ya kwanza tulipita msituni hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720. Siku ya pili tulitoka msituni tukavuka mbuga za majani makavu hadi Horombo, mita 3,720. Wajerumani waliviita vituo hivyo Bismarck na Peters. Ni heri tulivyoyabadilisha majina, hasa hilo la pili, kwa wanaojua Carl Peters aliwafanyia nini watu wa Kilimanjaro. Tulifika saa kumi jioni tukainjika maharage.

Nilifundisha jiografia, tena nilifundisha vizuri. Nilikuwa nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba kadiri unavyopanda juu kani ya hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pale Horombo maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Yanatokota, povu linapanda, mvuke unatoka, lakini maharage hayaivi. Saa moja usiku yalikuwa magumu. Saa tatu yalikuwa magumu. Saa nne na nusu tuliyala hivyo hivyo, yakigonga kwenye sahani kama changarawe, na zaidi ya nusu ya mafuta yetu ya taa yalikuwa yamekwisha.

Kutoka hapo kila kosa lilizaa jingine. Kwa kuwa mafuta yalikuwa machache, hatukuweza kukaa Horombo siku ya pili ili miili izoee hewa nyembamba, kama mzee alivyoshauri. Kwa kuwa Kibo hakuna maji, ilibidi kuyabeba kutoka kijito cha mwisho njiani. Kijana mmoja wa Lindi, mwenye nguvu kuliko wote, alijitolea kubeba dumu la lita kumi juu ya shanta lake. Nilimsifu mbele ya wenzake. Tulipofika kibanda cha Kibo, mita 4,700, mafuta yalitosha chai ya kikombe kimoja kwa kila mtu. Maji mengine yalikuwa ya baridi ya kuumiza meno, na watu hawakutaka kuyanywa.

Saa mbili usiku kijana yule alianza kutapika. Alilalamika kichwa, kisha akaacha kulalamika, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Nilikaa naye nikamwambia apumzike, kwamba saa sita tutaondoka pamoja. Ndani ya shanta langu kulikuwa na bendera ya chuo. Nilikuwa nimewaambia wanachuo, tena hadharani, kwamba atakayerudi njiani atakuwa amekiangusha chuo. Naye alikuwa kijana mtiifu. Kila nilipomuuliza alijibu, "Sijambo, Mwalimu."

Mzee aliingia na tochi. Alimwinua, akamwambia atembee kuufuata ubao mmoja wa sakafu hadi mlangoni. Kijana alipiga hatua tatu, akayumba kama mlevi, akaangukia vitanda.

"Huyu anashuka sasa hivi," mzee alisema.

"Tungoje pambazuke, Mzee. Giza hili, na baridi..."

"Mwalimu, kule chuoni mwalimu ni wewe. Huku mwanachuo ni wewe. Kukipambazuka utashusha maiti."

Tulishuka wote, kumi na wanne, kwa tochi mbili, moja ikiwa na betri za kufa. Vijana walipokezana kumshika mwenzao huku na huku. Shanta lake nililibeba mimi juu ya langu, na ndipo nilipojua uzito aliokuwa amekuja nao tangu Horombo hata kabla ya dumu: wenzake wawili waliochoka walikuwa wamempa vitu vyao. Karibu na kijito cha maji alianza kuongea maneno ya maana. Tulipofika Horombo, jua likichomoza, aliomba uji. Baadaye nilisoma kwamba kwa kukosa oksijeni ubongo huweza kuvimba, kwamba kuyumba vile ndiyo dalili yenyewe, na kwamba tiba ya kwanza ni kumshusha mgonjwa bila kungoja. Mzee hakuwa amesoma popote.

Niliporudi chuoni niliandika ripoti. Ipo katika jalada, kwa mkono wangu: "Hali mbaya ya hewa ilitulazimu kugeukia Kibo." Usiku ule mbingu ilikuwa safi na nyota zimejaa. Sikumtaja kijana, sikumtaja mzee, na maharage sikuyataja kabisa. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, jalada lile lilipita mezani kwangu tena. Nilikuwa na kalamu, na nilikuwa na mamlaka ya kuandika nyongeza. Nilililaza upande wa pili wa meza. Ndiyo maana nasema sina haki ya kuwacheka walioandika habari za mlima ule wakawasahau waliobeba. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye watu wengi wanamtambua kuwa mmoja wa waliomwongoza Meyer, alipewa heshima yake hadharani mwaka 1989, karne nzima baada ya safari ile, akafariki mwaka 1996. Bado wako wanaobishana juu ya umri wake. Wangeandikwa vizuri wakati wake tusingekuwa na ubishi.

Nilirudi mlimani mwaka 1987, na wanachuo wengine, na mzee yule yule. Safari hiyo nilimwandikia barua miezi mitatu mapema nikimwomba anipangie yeye. Alituamuru tumwage kila kitu kwenye majani mbele ya nyumba yake, akaleta mizani ya kupimia kahawa, akapima shanta moja baada ya jingine. Zaidi ya kilo kumi alitoa. Alitoa vitabu, alitoa pasi ya mkaa (naapa, msichana mmoja alikuja na pasi), alitoa mitungi miwili ya mafuta ya nywele. Alituruhusu unga wa uji, mchele, dagaa wa kukaanga, karanga, sukari na majani ya chai. Mizigo ya pamoja waliibeba wapagazi wanne, nao walilipwa. Nilikuwa nimekusanya fedha mwaka mzima. Siku hizi sheria za hifadhi zinadai mambo hayo hayo: huendi bila kiongozi mwenye leseni, na mzigo wa mpagazi hupimwa langoni usizidi kilo 20. Wageni wengine huona ni usumbufu. Mimi nikiiona mizani ile namwona mzee.

Tulikaa Horombo usiku mbili, na siku ile ya katikati naihesabu kati ya siku njema za maisha yangu. Asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu, yamelala juu ya nchi yote kama pamba iliyochambuliwa, na Mawenzi imesimama nyeusi upande wa mashariki. Tulipanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya pundamilia, tukarudi. Tuliipita ile mimea mirefu ya ajabu ambayo huyaacha majani yake makavu yaning'inie shinani kama koti, yasidondoke, ili baridi isiuue moyo wake. Kunguru wenye doa jeupe shingoni walitusindikiza wakitazamia makombo. Hakuna aliyekuwa na haraka. Jioni vijana waliimba, na wapagazi wakawafundisha wimbo wa Kichaga ambao hadi leo sijui maana yake.

Usiku wa Kibo walipanda tisa. Nami nilikuwa nimevishwa tayari, nimefunga buti, nilipowaona watatu wenye vichwa vizito wamekaa kitandani wananitazama. Nikafungua buti. Mzee alitikisa kichwa kuniitikia, akatoka na wale tisa, taa yao ikipanda kokotoni kidogo kidogo hadi ikawa kama kimulimuli.

Kwa hiyo kilele cha Uhuru, mita 5,895, sijakiona, na kwa umri huu sitakiona. Walifika wanne, wengine watano waliishia Gillman's Point kwenye ukingo wa kreta, wakageuka bila mtu kuwaambia neno. Saa nne asubuhi nikasikia buti zao zikiteleza kwenye changarawe. Mafuta ya taa yalikuwepo, maji yalikuwepo, na sufuria mbili za chai zilikuwa tayari zinachemka.