Upepo Kwanza, Brashi Baadaye

Mwaka jana nilinunua brashi ya upepo yangu ya kwanza, ile kalamu ya chuma inayopuliza rangi kama ukungu. Nilitaka kupaka rangi sanamu zangu za mchezo, askari wa plastiki wafupi kuliko kidole. Pesa karibu zote ziliishia kwenye brashi. Kwa upande wa upepo nikachukua kikompresa kisicho na tangi, cha bei ya chini kabisa. Basi rangi ikatoka kwa kigugumizi, na baada ya dakika 10 matone ya maji yakaruka yakaharibu kikosi kizima.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Kabla hajahamia Leicester alikuwa fundi wa kupiga rangi magari Mombasa, na mimi sikuwahi kumuuliza hata swali moja kuhusu kazi hiyo. Akaangalia, akasema: "Mwanangu, umenunua brashi. Upepo hujanunua."

Nilienda kusoma historia ya kifaa hiki ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Wapi! Hajakosea.

Hadithi inaanzia Marekani. Mwaka 1876 Francis Edgar Stanley, ambaye baadaye yeye na pacha wake walitengeneza magari ya mvuke, alipata hataza ya kipulizio cha rangi. Mwaka 1879 Abner Peeler wa Iowa akaja na chake, alichokiunga kwa vipuri vya karakana. Kilikuwa na sura mbaya, lakini kilikuwa na kitu kimoja muhimu: kompresa ya kuendesha kwa mkono, iliyotoa upepo bila kukatika. Yaani brashi na kompresa walizaliwa pamoja.

Liberty Walkup akakiingiza sokoni, na mjini Rockford, Illinois, kukawa na shule kabisa ya kufundisha kukitumia. Kazi kubwa ya brashi hizi ilikuwa kurekebisha picha za watu. Ukitia kivuli shavuni kwa brashi ya nywele, alama zinabaki. Ukipuliza, kivuli kinayeyuka polepole kama cha kweli.

Kisha, mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, kampuni ya Thayer & Chandler ikaonyesha brashi ya Charles Burdick. Inashikwa kama kalamu, na rangi hukutana na upepo ndani yake. Ukifungua brashi yako leo, kimsingi unaona kazi ya Burdick. Yeye mwenyewe alihamia Uingereza, na huko brashi zake zikauzwa kwa jina la Aerograph.

Sasa sikia hii. Ohio kulikuwa na daktari, Allen DeVilbiss, aliyetengeneza kipulizio cha dawa kwa wagonjwa wa koo. Mwanawe Thomas akakigeuza kiwe cha kupulizia rangi, na viwanda vya fanicha na magari vikakipokea. Baadaye majina hayo mawili yakaungana hapa Uingereza: Aerograph-DeVilbiss. Kumbe kalamu yangu na chombo alichoshika baba gereji ni ndugu wa ukoo mmoja.

Nilipomsimulia hayo, alicheka, halafu akaanza kunifundisha. Kama unanunua kwa mara ya kwanza, haya ndiyo tuliyokubaliana. Anza na kompresa: iwe na tangi, hata la lita 3, kwa sababu tangi ndilo linaloondoa kigugumizi. Iwe na kirekebisha mgandamizo chenye geji, maana sanamu ndogo zinataka psi 15 hadi 25 tu. Iwe na kichujio cha maji, kwa kuwa upepo ukibanwa unyevu wake hugeuka matone. Halafu ndiyo uende kwenye brashi: ya vitendo viwili (bonyeza upate upepo, vuta nyuma upate rangi), kikombe kiwe juu, na ncha iwe ya milimita 0.3 au 0.4. Ya 0.2 inachora vizuri, lakini inaziba haraka na itakukatisha tamaa. Rangi izimue mpaka iwe kama maziwa. Na vaa barakoa. Hilo baba halisemi kwa utani. Anasema enzi zake gereji walijifunga kitambaa tu.

Nilikuwa na kompresa nyingine mwezi uliofuata. Siku ya kwanza baba alipuliza mstari mmoja kwenye gazeti, akainamisha kichwa kusikiliza, akasema, "Sasa huu ni upepo." Akakaa. Ndipo nikamuuliza gari la kwanza alilolipiga rangi lilikuwa gani, na tukakaa pale mpaka chai ikapoa.