"Abscond" Maana Yake Nini? Soma Hii Kabla Usaini Barua ya Mdosi

Umelala mgonjwa siku nne, simu imezima, Jumatatu unarudi job unapata soja wa geti ameachiwa barua yako. Ndani kuna neno moja zito: absconded. Unajifanya umeelewa, unaikunja, unajitoa polepole. Ngoja kwanza bana. Hilo neno si dogo.

To abscond ni kuhepa, lakini si kuhepa kokote. Ni kutoroka kimyakimya na kujificha kwa sababu kuna kitu unakimbia: deni, kesi, ama maswali ya pesa zilizopotea. Msee akitoka mapema awahi mathree kabla fare ipande, huyo ameondoka tu. Keshia akifunga duka, azime simu, kisha aibukie Busia na ganji za mauzo, huyo sasa ndiye ameabscond. Linatamkwa ab-SKOND, uzito unaenda mwisho.

Lilitoka kwa Kilatini, abscondere. Abs ni "mbali", condere ni "kuweka" ama "kuhifadhi". Kwa hivyo ni kuweka kitu mbali, macho yasikione. Waingereza walilichukua karne ya 16, na zamani ungeweza hata kuabscond kitu, yaani kukificha. Maana hiyo ilikufa, akabaki binadamu anayejificha mwenyewe. Ile taa ya ukutani inaitwa sconce pia ni ndugu wa neno hili, kwa sababu ilianza kama taa yenye kifuniko cha kuficha mwanga. Na ukiongea na mfugaji wa nyuki atakwambia nyuki wake "wameabscond", yaani koloni nzima imehama ikaacha mzinga mtupu. Nyuki wetu wa Afrika wanajulikana sana kwa hiyo tabia. Ukiwasumbua ama chakula kikiisha, wanaishia.

Matumizi: mtu ana-abscond from mahali, ama ana-abscond with kitu. Hapa Kenya tumelifanya letu, tunasema "absconded duty" bila from, na mwalimu anakuandikia umeabscond class. Mzungu wa sarufi atakunja uso, lakini HR wote wa Nairobi wanaelewana.

Sasa kwa nini ujali? Kwa sababu kukosa kazini na kutoroka kazi ni vitu viwili. Aliyekosa, yaani absent, hakuwepo na anaweza kuwa na sababu. Aliyeabscond anadaiwa alienda akiwa hana nia ya kurudi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kukosa kazini bila ruhusa ama sababu halali kama kosa kubwa linaloweza kukufuta papo hapo. Lakini kifungu cha 41 kinasema kabla ufutwe lazima uelezwe kosa lako kwa lugha unayoelewa, na usikilizwe ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama. Korti zetu pia zimesema si mara moja kwamba mdosi anayedai umetoroka lazima aonyeshe alijaribu kukutafuta. Kama hakupiga hata simu moja, hilo neno linaanza kuyumba.

Ukipewa barua kama hiyo, usikubali kuandika "I absconded because I was sick". Hapo umejimaliza mwenyewe kwa kalamu yako. Andika "I was absent because I was sick", ambatisha karatasi ya hospitali na zile meseji ulimtumia supervisor, na ubaki na kopi. Wakikataa kukusikiliza, una miaka 3 ya kupeleka kesi, kwa hivyo hiyo barua usiichane hata kama imekukasirisha vipi.