Mambo? Sawa. Shida.

Nilipokuwa na miaka tisa, simu moja ilihudumia nyumba yetu yote hapa Bondeni, Nakuru. Ilikuwa mulika mwizi ya kawaida, ilikaa juu ya kabati ya vyombo, na meseji ikiingia, aliye karibu ndiye aliyeisoma kwa sauti. Siri haikupita pale.

Ndiyo maana niliposoma kuhusu utafiti wa WelTel, nilielewa mara moja kwa nini meseji yake ilikuwa na neno moja tu.

Lakini tuanzie Majengo ya Pumwani, Nairobi. Mwaka wa 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono. Aliyeketi nao barazani ni Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa. Walizungumza kuhusu kondomu na magonjwa ya zinaa, kisha wanawake wakawa wanafundishana wenyewe. Walitoa damu mwaka baada ya mwaka. Ikaonekana kwamba wachache wao hawakuambukizwa Ukimwi, ijapokuwa walikutana na virusi mara nyingi. Chanjo iliyotokana na matumaini hayo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka wa 2001. Haikufaulu.

Pumwani hiyo hiyo ikaja kujaribu kitu kingine, cha bei ya meseji. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza ARV waliandikishwa katika kliniki tatu: Pumwani, Coptic ya Nairobi, na Kajiado. Watu 273 kati yao walipokea ujumbe kila wiki: “Mambo?” Ulitakiwa kujibu ndani ya saa 48, “Sawa” au “Shida”. Ukisema shida, au ukinyamaza, muuguzi anakupigia.

Ujumbe haukutaja dawa wala virusi. Mume akiufungua, au mtoto kama mimi akiusoma kwa sauti, ni salamu tu.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliotumiwa meseji walisema wanameza dawa inavyotakiwa. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 50. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2010. Dawa zilikuwa zile zile. Tofauti ni kwamba upande mmoja kulikuwa na mtu anayengoja jibu.

Kenya ina laini za ushauri pia, kama 1190 ya LVCT, ambayo vijana hupiga bila malipo kuuliza mambo ya mapenzi na afya. Zinasaidia sana. Ila laini ya namna hiyo hungoja uwe na ujasiri wa kupiga. “Mambo?” inakutafuta wewe, hata wiki ile umejifungia ndani.

Mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, washauri wengi nchini walipoteza kazi. Jirani yangu mmoja hapa mtaani, anayemeza ARV, aliniambia hivi: “Zamani nikikosa tarehe, sista ananipigia kabla jioni haijafika. ‘Mama, uko sawa?’ Saa hii nikikosa, nani anajua?”

Nilimuuliza kama amewahi kukosa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku tatu.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili namtumia “Mambo, mama?” Hujibu “Poa, mwanangu.” Juzi alijibu “shida”, nikabaki nimeshika simu. Mimi si muuguzi. Sijui dawa gani inagongana na ipi, wala nani wa kumpigia usiku. Neno lile lilifanya kazi Pumwani kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na akalipwa kuifanya. Salamu hata mimi naweza kuituma. Anayejua la kufanya ukijibu shida ndiye tuliyempoteza.