Mahenge 1905: Riwaya Inayodaiwa na Bonde la Kilombero

Asubuhi ya tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge. Siku 26 kabla ya hapo Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita vya Maji Maji, alikuwa amenyongwa Mohoro, lakini maji yake yaliyoaminiwa kuzuia risasi yalikwishafika bonde la Kilombero. Kamanda wa boma, Kapteni von Hassel, alikuwa na bombomu. Waliotangulia walianguka, na waliofuata wakazidi kusonga mbele. Boma halikuchukuliwa, lilizingirwa hadi Septemba, Kapteni Nigmann alipowasili na askari kutoka Iringa.

Ndani ya boma hawakuwamo Wazungu peke yao. Askari wenyewe walikuwa Waafrika, na Kiwanga, mtema wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Mjerumani. Urafiki huo haukuanza siku ile: Kiwanga alikwishaungana na Wajerumani tangu walipopigana na Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kumwita msaliti ni rahisi, na ndivyo wengi wanavyofanya. Lakini mtawala mdogo aliyebanwa kati ya Wahehe, Wambunga na wageni wenye bunduki alikuwa na hesabu zake, na hesabu hizo ndizo kiini cha riwaya nzuri.

Australia wamekwisha kuandika riwaya ya aina hiyo. Mwaka 2010 Kim Scott, mwandishi wa jamii ya Wanoongar, alichapisha That Deadman Dance, riwaya ya kijana mwenyeji, Bobby Wabalanginy, anayekua kati ya watu wake na walowezi wa Kiingereza. Anawapenda wageni wale, anajifunza lugha yao, na nchi inawaponyoka watu wake. Mwaka 2011 riwaya hiyo ilipata tuzo ya Miles Franklin.

Kwetu, Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, akamfuata Hamza, kijana anayejiunga na askari wa Mjerumani. Mganga ameandikwa, askari ameandikwa. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anastahili nafasi yake.

Maana baada ya risasi ilikuja njaa, nayo haikuletwa na ukame. Majeshi ya Mjerumani yalichoma vijiji, yakateketeza mazao na kuchukua akiba za chakula ili watu washindwe kuendelea na vita. Serikali ya Kijerumani ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000 katika nchi yote ya Maji Maji. Mashamba yaligeuka pori, na tembo wakaingia palipokuwa na watu.

Leo msafiri anayetoka Kidatu kwenda Ifakara anapita kijiji cha Sanje, milima ya Udzungwa ikiwa kulia kwake. Sehemu ya milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Tambarare ina miwa. Swali la nani anaimiliki ardhi hii bado ni la kila siku kwa wanaoishi kati ya hifadhi na miwa.

Malighafi ya riwaya ipo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita. Mtema wa baadaye, Towegale Kiwanga, aliandika sura moja katika kitabu cha akina Culwick kuhusu Wabena, kilichotoka 1935. Kijana wa Sanje, Kiberege au Mahenge mwenye kipaji cha kusimulia na ayatafute maandishi hayo, ayasome, kisha aandike.